Usihamishe kiini cha programu yako

Mkuu, usisaini huo mkataba. Unauliza kwa nini Microsoft maamuzi makubwa wanayafanyia Redmond, makao yao makuu Marekani, ilhali wana kituo Hyderabad, India, tangu 1998 na Nairobi tangu 2019. Halafu papo hapo unasema timu yote inayosanifu mfumo wako wa malipo unaihamishia India, Dar ubaki na mauzo! Kosa hilo nimelilipia pesa nyingi, siwezi kunyamaza.

Wahandisi wa India ni hodari, shida haiko kwao. Shida ni kwamba kiini cha mfumo hakijaandikwa popote. Kiko vichwani mwa watu wako watatu wanaokaa karibu na dawati la malalamiko ya wateja. Ukiwatenganisha, aliye mbali ataandika kilichomo kwenye waraka wa maelekezo, basi. Kitapita majaribio yote. Siku mtandao ukikatika katikati ya muamala, simu inarudia ombi, mteja anakatwa mara mbili. Waraka haukusema kila ombi libebe namba yake ya pekee, na seva ikiiona tena irudishe jibu lile lile bila kugusa salio. Hapo unasimamisha huduma na kulinganisha miamala mmoja mmoja na taarifa za kampuni ya simu.

Washauri wanaouza mpango huu wanahesabu mishahara tu, na wanakera! Gharama ya kurudia kazi hawaigusi, wala ya kusubiri. Majira ya joto, swali la saa 3 asubuhi Redmond linafika Hyderabad saa 3 na nusu usiku. Jibu ni kesho. Kwa Wamarekani kuna na kodi: tangu 2022 gharama za kuunda programu nje ya nchi zinaondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi kidogo kidogo kwa miaka 15, na za ndani, kwa sheria ya 2025, zinaweza kuondolewa zote mwaka ule ule.

Hata M-Pesa: programu iliandikwa Uingereza, nyumbani kwa kampuni ya simu ya Vodafone, na seva zilikaa Ujerumani hadi 2015. Lakini majaribio ya 2005 Kenya yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa, na 2007 ikazinduliwa hivyo. Waraka gani ungeliona hilo?

Kanuni ni moja: kazi usiyoweza kuiandika ukurasa mmoja, mgeni akaipima mwenyewe kama imekamilika, ibaki nyumbani. Ukibanwa sana, toa skrini za ripoti za mwezi. Nywila ya hifadhidata ya miamala isitoke Dar.