Mwenye Mgahawa Anasema Ujira Wetu ni Haramu, Kwa Hiyo Halipi

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wangu. Mimi ni mpiga saksafoni, naishi Temeke. Tuko wanne: mimi, mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga dramu. Tunapiga jazi na rumba za zamani kwenye migahawa na harusi. Mwaka huu tulikubaliana na mwenye mgahawa mmoja wa Masaki, Mwislamu mwenzetu, tupige kila Ijumaa usiku kwa shilingi 400,000 kundi zima, na spika tuje nazo wenyewe. Tumepiga Ijumaa 14, ametulipa 5. Kila tukidai, anasema tumvumilie. Mwezi uliopita akasitisha muziki, na nilipompigia simu akaniambia amemuuliza ustadhi mmoja, akajibiwa kwamba ujira wa mwanamuziki ni haramu na mkataba wake ni batili, kwa hiyo hatumdai kitu, na akilipa atapata dhambi. Sheikh, katika hizo 3,600,000 mna ada ya mwanangu, mna na nauli za wenzangu nilizokopa. Mke wangu ananiambia niiuze saksafoni nimrudie Mwenyezi Mungu. Anachosema huyu bwana ni kweli? Na akinipa hizo pesa, nizile au nisizile?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, maswali ya muziki huniijia kila wiki na mengi nayaacha, maana aulizaye mara nyingi ameshaamua, anatafuta wa kumwitikia tu. Lako limeninyima usingizi, na aliyeninyima ni yule bwana wa Masaki, si wewe.

Nianze na lile ambalo hutalipenda. Mimi ni Shafii kama wazee wangu, na kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kuwa vyombo vya nyuzi na vya kupuliza haviruhusiwi. Hadithi ya Bukhari kuhusu watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na vyombo vya muziki unaijua, siirudii. Najua vilevile kwamba mwanazuoni Ibn Hazm aliitia dosari sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, na akaruhusu, na kwamba Ghazali katika kitabu chake Ihyaa hakuufunga mlango wote. Hata ndani ya nyumba yetu wenyewe, Imamu Rafii aliiruhusu filimbi ya mchungaji, akaja Imamu Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, akasema lililo sahihi zaidi ni kuiharamisha, na hao wawili ndio tunaowategemea kuliko wote. Saksafoni yako ina mwanzi kinywani, ni jamaa wa mbali wa nzumari. Ungeniuliza kabla hujaishika, ningekwambia tafuta riziki kwingine. Lakini hukuniuliza hivyo. Umeniuliza habari ya deni, na deni nalijibu kama deni.

Ninavyoamini, huyo ustadhi hakudanganya. Mufti hujibu alichoulizwa. Mtu akija akasema, "Sheikh, nimeacha muziki kwenye biashara yangu kwa ajili ya Allah, je, nina haja ya kuwalipa wale wapigaji?", atajibiwa kwa namna moja. Akisema, "Nimewapigisha watu Ijumaa 14, nimejaza meza, nimelipa 5, nimewazungusha miezi, sasa nataka nijue kama kuna kauli itakayoniokoa na zile 9", jibu litakuwa jingine kabisa, na pengine litatoka na fimbo. Swali la kwanza ndilo lililofika kwa ustadhi.

Sasa hoja yenyewe. Wanasema manufaa yaliyoharamishwa hayana thamani kisheria, na kisichokuwa na thamani hakina ujira. Ni kweli, vitabu vyetu vimeandika hivyo, wala siwezi kulificha hilo kwa kukuhurumia. Ila watu hawa wamefungua kitabu ukurasa mmoja wakakifunga.

Imamu Ahmad bin Hanbal, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kulegeza kamba, aliulizwa kuhusu mtu aliyembebea Mnasara, yaani Mkristo, pombe au nguruwe kwa malipo. Akasema: nachukia kula ujira wake, lakini hamali ahukumiwe kupewa ujira wake. Lisome tena hilo. Mzigo ni pombe, haramu ambayo wanazuoni hawana khilafu, yaani tofauti, juu yake hata chembe, na bado Imamu anatenganisha mambo mawili ambayo bwana wa Masaki ameyachanganya makusudi: kama pesa ile ni nzuri kwa mwenye kuipokea, na kama mwenye kubebewa mzigo anaweza kuingia ndani akafunga mlango. La kwanza lina maneno. La pili, kwake yeye, halina.

Baada yake wakaja wanazuoni wa Kihanbali, Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim. Na hawa wawili juu ya muziki ni wakali kuliko ustadhi yeyote wa mjini hapa. Katika kitabu chake Madarij as-Salikin, Ibn al-Qayyim anamtaja mwimbaji kwa jina la kazi yake, pamoja na mzinifu, muuza pombe na shahidi wa uongo, aliyechukua malipo kisha akatubu na pesa bado anayo. Je, amrudishie aliyemlipa? Wapo waliosema amrudishie. Lakini kauli aliyoichagua Ibn Taymiyya ni kuwa asimrudishie, aitoe sadaka. Sababu yao ni hii: aliyelipa ameshachukua alichokitaka, na ukimrudishia pesa yake utakuwa umemkusanyia kitu pamoja na thamani yake. Mtu amestarehe, kisha anapewa na pesa ya starehe! Utasema maneno hayo ni juu ya pesa iliyokwisha pokelewa, na ninyi hamjapokea. Sawa. Basi sababu ile inamwangukia nani zaidi: aliyelipa akataka kurudishiwa, au aliyestarehe asilipe kabisa?

Kwa hiyo hata tukimpima kwa sababu ya wakali wa wakali, naona hatoki na 3,600,000 mfukoni. Kubwa wanaloweza kukwambia wewe ni utoe sadaka. 

Na kuna jambo linalonikera kuliko hoja yenyewe. Ijumaa ya kwanza alipowaita, alikuwa kwenye madhehebu gani? Alifuata kauli ya wanaoruhusu, au hakujali kauli ya mtu. Wateja wakaja, meza zikajaa. Siku ya kulipa ndiyo akahamia upande wa wanaoharamisha. Wanazuoni wetu wamekemea tabia ya kuokota kauli kwa matamanio, leo hapa kesho pale, kila mahali unachukua kilicho chepesi. Huyu kaenda mbele zaidi, kachukua wepesi wakati wa kula na uzito wakati wa kulipa. Ucha Mungu uliomjia mtu pamoja na bili, mimi huuogopa.

Kama kweli ameamini muziki ule ulikuwa haramu, basi na faida aliyoipata kwa ajili ya muziki ule ina neno. Ameitoa? Amekaa na daftari lake la mauzo akatenganisha Ijumaa 14 na siku nyingine, akazigawa zile za ziada kwa mafakiri? Akifanya hivyo nitaitambua toba yake, na nitamwombea. Akizishika za kwake na za kwenu pamoja, hiyo si toba.

Halafu spika. Hili naona wote mmelipita. Mlikuja na vyombo vyenu vya sauti, vilivyobebwa kwa gari mlilolilipia, na katika usiku ule alivitumia, bila shaka hata kipaza sauti cha kuwatangazia wageni kilikuwa chenu. Spika yenyewe si ala ya muziki, na kuikodisha kwa asili yake ni halali. Sehemu ya 400,000 iliyo kodi ya vyombo, kwa maoni yangu, dai lake lina nguvu zaidi.

Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea kwa Mola wake na iko kwa Bukhari, kwamba watu watatu Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake kwa ukamilifu, asimpe ujira wake. Na ukitaka kuona Mtume alivyoamiliana na kazi isiyopendeza, tazama mpiga chuku, yule anayewatoa watu damu kwa tiba. Katika Sahihi Muslim pato lake limeitwa ovu. Pamoja na hayo Mtume mwenyewe alipigwa chuku akamlipa aliyempiga, ambaye alikuwa mtumwa, akamwombea kwa mabwana zake wampunguzie kile walichomtoza, na sahaba wake Ibn Abbas akasema: lau ingekuwa haramu asingempa. Najua kupiga chuku si kupiga saksafoni, sitaki mtu aniandikie kesho. Nataka kuonyesha tabia tu. Kazi ikikutia ugumu, huiombi, ukishaiomba, unalipa.

Sasa wewe. Pesa hiyo dai. Kuidai si kuhalalisha muziki, ni kumtoa mwenzako kwenye dhulma. Ukiipata, fungu la kodi ya spika na nauli ni lenu bila wasiwasi. Lililobaki, kama wewe unafuata kwa dhati kauli ya wanaoruhusu, umeielewa na hukuichagua kwa sababu ya tumbo, basi hesabu yako iko kwa Mola wako wala sitakuita mla haramu. Kama moyo wako uko na kauli tunayoisoma sisi, toa sadaka unachoweza. Ila Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim waliongeza jambo ambalo watu hulisahau: huyo aliyetubu akiwa ni mhitaji, achukue kiasi cha haja yake. Mtu mwenye deni la nauli na ada ya shule ni mhitaji. Mlipie mwanao ada. Lipa waliokukopesha. Sioni uzito katika hilo.

Wenzako watatu pia wana haki, na wewe ndiye uliyefanya makubaliano. Mkipata nusu tu, gawaneni nusu hiyo kama mlivyokubaliana kugawana nzima. Usijitangulizie kwa sababu wewe ndiye kiongozi na simu inapigwa kwako. Na kama Ijumaa moja mlimchukua deiwaka kuziba nafasi ya mgonjwa, huyo alipwe kabla yako, kwa sababu yeye hakuwahi hata kumwona mwenye mgahawa.

Nikukaripie kidogo, kwa kuwa nakuona kama mtoto wangu. Hukuandika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuliandika deni la muda katika aya ndefu kuliko zote za Kitabu chake, nanyi mkaenda kwa maneno ya simu. Nawawi anataja katika Minhaj mtu aliyempa fundi kitambaa akashona bila kutaja ujira: kauli anayoitanguliza ni kuwa fundi hana kitu. Ninyi mlitaja, alhamdulillahi. Lakini ni mara ngapi mmekwenda kwenye harusi kwa "tutaelewana", au mkaambiwa pigeni tu mtapata jina? Jina halinunui unga. Kuanzia sasa, kazi yoyote mtakayoifanya, hata ya kubeba viti, andikeni kiasi, siku, saa na nani analipa usafiri, na nusu ipokelewe kabla ya kufungua begi.

Na nisijifanye sisi watu wa msikitini ni wasafi. Tunamwita msomaji wa maulidi kutoka Temeke mpaka Bagamoyo, anasoma hadi sauti inakauka, tunampa pilau na nauli ya kwenda. Ya kurudi tunamwombea dua.

Kuhusu saksafoni, mke wako amekunasihi, na mwanamke anayemtaka mumewe amrudie Mola wake si wa kukasirikiwa. Mimi pia natamani siku moja uiache kazi hii. Ila usiiuze mwezi huu, katika shida, kwa bei ya kutupa, kisha ukabaki huna chombo, huna kazi, na deni liko palepale. Nimekulia Kariakoo. Wapigaji wa zile bendi zilizojiita Jazz, kina Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, wengi walikuwa Waislamu, tumewasalia wenyewe jeneza. Mara nyingi vyombo havikuwa vyao, vilikuwa vya bendi au vya mwenye bendi. Mtu akitoka, anatoka na shati lake. Walioanza na NUTA Jazz mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi angalau walikuwa na mshahara wa mwezi. Wewe ni kinyume chao: una chombo, huna mshahara.

Lakini mna spika. Mjini hapa kila wiki kuna mihadhara, nikahi, mikutano ya wazazi, misiba mikubwa, na watu wanahangaika kutafuta vyombo vya sauti visivyokwaruza na mtu anayejua kuvitega. Anzeni hapo. Anayejua kusikiliza sauti kama ninyi, akikodisha spika, hakosi wateja. Ikikua, uamuzi wa saksafoni utaufanya ukiwa umeshiba, nao utakuwa uamuzi wa kweli.

Kwa deni, usimtukane mtu mtandaoni wala usiende na vijana mlangoni kwake. Chapisha jumbe zote mlizoandikiana, za kukubaliana na zile za "nivumilieni", kwa sababu mtu hakuombi uvumilivu kwa kitu usichomdai. Tutamtaka suluhu kwanza. Akikataa, Mahakama ya Mwanzo ipo na madai ya namna hii inayasikiliza.

Njoo Jumatano baada ya Alasiri na hizo karatasi, na mwenzako mmoja awe shahidi. Nitampigia huyo bwana mimi mwenyewe kumwomba akae nasi, na ustadhi wake aje pia, atakuwa mgeni wangu. Mimi nitakuja na Minhaj. Yeye aje na daftari la mauzo ya Ijumaa.

Wallahu aalam.