Vigae vya paa vyeusi au vyekundu kwa nyumba ya zamani Tanga?

Dada, kati ya nyeusi na ile nyekundu ya udongo mi nakushauri chukua nyekundu, nyumba ya miaka ya 50 hapo Tanga yenye kuta za krimu na madirisha ya mbao inaipokea vizuri sana, alafu nyeusi kwa jua la pwani inafyonza joto balaa, dari ikiwa nyembamba usiku hamlali. Ila usichague kwenye katalogi! Omba sampo, fundi aweke vigae viwili vitatu juu ya paa uviangalie saa sita mchana na tena jioni ukiwa umesimama barabarani, rangi inabadilika mno. Na ukinunua chukua vya ziada kabisa, maana mzigo unaofuata mara nyingi rangi haifanani.