Daftari la chini ya mto

Mwanangu Rukia,

Baada ya salamu, mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Jumapili kwenye simu uliniuliza: "Mama, si dawa ndizo zilizokuponya? Lile daftari la chini ya mto wako wa kulalia lilikusaidia nini?" Nikacheka, nikakwepa.

Kweli, kifua kikuu kimetolewa na dawa. Miezi 2 dawa za aina 4, miezi 4 za aina 2, na mkojo rangi ya chungwa hadi nikadhani nakufa. Daftari halikuua hata kijidudu kimoja.

Nilianza kuandika kwa kumuiga Mwana Kupona wa Pate, yule ambaye bibi yako alikuwa akighani utendi wake huku anapeta mchele. Mwaka 1858, maradhi yamemshika mwaka mzima, alimwita bintiye Mwana Hashima asogee na wino na karatasi, akamtungia wasia. Nami nikasema nikuachie hekima. Hekima haikuja. Zilikuja lawama: nani hajaja kunitazama, nani kaishia mlangoni na leso puani, na Mungu ananionea nini mimi niswaliye vipindi vyote.

Mwezi wa 4 nikakaa kuyasoma niliyoyaandika. Wasiokuja walijaza kurasa 11. Mama Saumu, jirani tuliyenuniana miaka 3 kwa ajili ya mfereji wa maji machafu, anatokea mara moja tu: "Bakuli la kina Saumu lirudishwe." Basi. Na ndiye aliyeniletea uji wa pilipili manga kila asubuhi, wiki 7, hata siku za mvua!

Nikashika kalamu niandike jina lake, mkono ukawa mzito. Nililia, wala si kwa ugonjwa. Nabii Ayubu alimwambia Mola wake kwamba dhara imemgusa, akataja rehema Yake, akanyamaza. Mimi nilinung'unika kurasa 11 na uji wa watu umo tumboni.

Tangu hapo kila usiku naandika jambo moja: leo nani kanibeba. Nisipopata, naacha wazi. Sitaki kumdanganya Mungu kwa kalamu. Usidhani nimekuwa walii. Shangazi yako bado sijamsamehe, ukurasa wake nimeukunja tu.

Bakuli nililirudisha Ijumaa, ndani nimetia mahamri 10. Mama Saumu akalipokea, akamega moja palepale mlangoni, akatafuna taratibu, akaniuliza mbona sikutia iliki.

Mama yako