Sato asiyefika rula

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Nyakato, Mwanza, nina watoto watatu. Jioni nikitoka kazini napita kwa mama mmoja anayeuza samaki barabarani, nachukua fungu la elfu tatu: sato wadogo watano, kila mtu nyumbani anapata wake. Juzi mwanangu wa darasa la sita alirudi shuleni akaniambia, "Mama, hawa ni samaki wachanga, sheria imewakataza." Nilipomweleza baba yake, akasema nisijisumbue. Nisiponunua mimi atanunua mwingine, na samaki ameshakufa. Nimekosa la kujibu. Elfu tatu yangu inaweza kubadilisha nini ziwani?
Mama wa watatu, Nyakato

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba ulimsikiliza mwanao badala ya kumwambia ale anyamaze.

Mumeo kasema kweli, ila kaishia njiani. Samaki wa leo ameshakufa, na ukimwacha atapata mtu kabla ya saa mbili usiku. Mimi nawaza wale ambao huyo mama atawabeba kesho alfajiri mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Hapo ndipo elfu tatu yako inaposikika, na nalijua hilo kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa karai.

Miaka saba nilikaanga samaki karibu na mwalo wa Kirumba. Nilikuwa nachagua sato wadogo kwa makusudi, wale wa urefu wa kiganja na vidole. Wanaiva upesi, mafuta hayaishi haraka, na mteja anafurahi kuona samaki mzima na kichwa chake pembeni mwa ugali. Sikuwa na habari na sentimita. Nilikuwa naangalia sahani tu.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja fundi seremala, mteja wangu wa mchana. Siku hiyo alimgeuza samaki kwenye sahani, akamlaza kando ya futi yake ya mbao, akanionyesha: sentimita kumi na saba. Hakunifokea. Alisema, "Binti yangu, kesho usiniwekee huyu. Nipe kipande cha mkubwa, hata kikiwa kidogo nitalipa ileile." Kesho yake nilinunua sangara mmoja kwa ajili yake, nikamkata vipande. Vilivyobaki vikaisha kabla ya saa nane. Kichwa nikakipika supu, nayo ikaisha. Wiki iliyofuata nilikuwa nabeba sangara wawili, na sato wadogo nimewapunguza nusu. Mzee angeninyamazia akahamia kibanda cha jirani, ningedhani amesafiri.

Ndiyo maana nakuomba usimkimbie huyo mama unayemnunulia. Ukimkimbia hatajua sababu. Mwambie mdomoni, kwa heshima, leo hii: "Mama, kesho niwekee kipande cha elfu tatu, nitapita saa kumi na mbili." Kisha upite kweli. Mchuuzi mdogo hanunui kwa kubahatisha. Alfajiri akiwa mwaloni anawahesabu wateja wake kichwani, fulani huchukua hiki, fulani kile. Wateja wanne wa uhakika wanaotaka kipande wanatosha kumfanya apite mafungu ya vidogo bila kuinama.

Mwanao yuko sahihi kuhusu sheria. Kwa Tanzania, sato asipungue sentimita 25 na sangara asipungue 50. Chukua rula ya mwanao ya shule, ile ya sentimita 30, umpime samaki toka mdomoni mpaka mwisho wa mkia. Ukishapima mara mbili tatu jicho litazoea, na rula utairudisha kwenye mkoba wake. Sato jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakishtuka hukimbilia humohumo. Malezi hayo yanafanyika kwenye maji mafupi ya kandokando, palepale kokoro, ule wavu mrefu, linapokokotwa kuja nchi kavu. Kokoro limekatazwa kwa sababu hiyo: halichagui, linazoa mzazi, mtoto na kiota.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Mwanza tunalikwepa. Tumezoea kulalamika kwamba minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yale mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishakatwa. Malalamiko hayo nayaelewa, mapanki nimeyala utotoni. Lakini sangara mchanga hapandi ndege. Kiwanda hakiruhusiwi kumpokea. Anaishia kukaushwa, kutiwa chumvi au kukaangwa, halafu anakuja kwenye sufuria zetu na za majirani zetu. Kwa hiyo soko la samaki mchanga ni sisi. Hapa hatuna Mzungu wa kumsingizia.

Na nguvu ya mnunuzi tumeshaiona ziwani humu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria baada ya habari kuenea kwamba kuna wavuvi wanaotumia sumu ya kuulia wadudu kuvulia. Bei ya sangara mwaloni ilianguka. Serikali za nchi zetu tatu zikalazimika kukaza ukaguzi. Nilikuwa msichana mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni wavuvi wa mtaani kwetu ambao hawakuwahi kushika sumu, wamekaa tu, nyavu zimening'inia. Kwa hiyo natamani sisi tukatae kwa namna nyingine, tukiwa tumesimama mbele ya muuzaji, tukimwambia tunachotaka badala yake.

Siku hela ikiwa haitoshi kipande, nunua dagaa. Wanakua upesi na ndio wanaovuliwa kwa uzito mkubwa kuliko samaki wengine wote ziwani. Dai waliokaushwa kwenye chanja. Walioanikwa chini utawaosha maji manne na bado jino litakutana na mchanga.

Sitakutwika ziwa zima kichwani. Kukamata makokoro ni kazi ya serikali na vikundi vya ulinzi wa ufukwe, na tuwabane wafanye. Wewe una mchuuzi mmoja. Anza na huyo.

SWALI: Dada, mimi nauza samaki Igoma. Vidogo naanza na mtaji wa elfu ishirini. Mkubwa simwezi. Mkiwafundisha wateja wakatae, wanangu watakula nini?
Muuza samaki, Igoma

JIBU: Pole, na swali lako ni la haki. Nami nilikwama hapohapo. Tuliungana wanawake watatu, tukachanga, tukanunua sangara mmoja na kumgawana palepale mwaloni kwa mizani. Kichwa tulipokezana, leo wako, kesho wangu, kwa sababu supu ndiyo yenye faida. Mwanzoni tulifanya Jumamosi tu, siku zingine tukiendelea kama kawaida, mpaka tukawajua wateja wa vipande. Usimwage biashara yako yote kwa siku moja. Tafuta wenzako wawili unaowaamini na hela, na jioni kabla hujafunga muulize kila mteja kesho atakula nini.