Trekta likitetemeka kwenye fowili, shika chaki kabla hujashika spana

Wakulima wenzangu, hasa nyinyi wenye hivi vitrekta vidogo vya mtumba vya Kijapani, leo naandika juu ya ule mtetemo unaokuja ukishaingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yakivuta, maana mwezi huu tu watu watatu hapa Bweyale, Uganda, wameniuliza na wote watatu walikuwa wameshafungua difu ya mbele, oili iko kwenye karai na beringi ziko juu ya gunia. Tafadhali msifungue kwanza. Mimi nilifungua, na nilimaliza sente ya msimu mzima wa mahindi kwa kununua spea za kubadilisha vitu ambavyo havikuwa na shida.

Trekta letu ni dogo, farasi 24, mimi na kaka yangu tunalimia watu kwa kukodisha kuanzia hapa mpaka upande wa Mutunda. Lilikuwa linafanya kazi vizuri tu. Halafu tairi za mbele zikaisha zikabaki vipara, nikapanda basi mpaka Kampala kutafuta nyingine. Zile za zamani zilikuwa 7-16, dukani wakawa na 8-16, rimu ni ileile ya inchi 16, muuzaji akasema inaingia bila shida, na kweli iliingia. Nikaona hata nimepata bahati, tairi nene, kashata (yale meno ya mpira) ndefu, mbele ya trekta imeinuka kidogo inapendeza. Za nyuma sikuzigusa, zilikuwa zimeisha nusu lakini bado zinashika udongo.

Kama wiki moja baadaye dereva akaanza kulalamika. Akiwa kwenye maramu, ile barabara ngumu ya changarawe, anaelekea shambani, fowili ikiwa ndani, chini ya miguu inapiga du-du-du-du, usukani unatikisika mikononi, na chini ya tumbo la trekta kuna mlio kama chuma kinasagana. Akiingia kwenye udongo uliolimwa, inapungua mpaka unasahau. Akitaka kutoa fowili barabarani leva inagoma kabisa, mpaka arudi nyuma hatua mbili tatu ndipo inaachia yenyewe kwa kishindo. Hiyo ya leva kugoma ndiyo ilikuwa inatuambia kila kitu, ila hatukuwa na masikio ya kuisikia.

Makanika wetu wa kwanza akasema beringi za difu ya mbele. Tukabadilisha, na oili sili zake. Mtetemo uko palepale. Akasema basi ni shafti inayopeleka nguvu mbele, akaitoa, na kweli meno ya kapla, kile kiungo kinachoishika shafti, upande wa giaboksi yalikuwa yameliwa, yamekuwa membamba kama meno ya msumeno, kwa hiyo sote tukaridhika kwamba ugonjwa umepatikana. Nikaagiza kapla nyingine kutoka Kampala. Mtetemo ukapungua kidogo kwa sababu ile plei, yaani ulegevu, ilikuwa imeondoka, lakini haukuisha, na baada ya miezi miwili tulipofungua tena ile kapla mpya nayo ilikuwa imeanza kuliwa. Kapla mpya kuliwa miezi miwili si kawaida. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja Mnubi, mzaliwa wa Bombo, ametengeneza matrekta tangu ujana wake, alikuwa amekuja kwa binti yake hapa mtaani. Nikamsalimia, nikamwomba aje aangalie. Hakuinama hata chini ya trekta. Alizunguka mara moja, akapapasa tairi ya mbele, akapapasa ya nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, hizi za mbele ulizifunga lini?"

"Mwezi wa pili, mzee."

"Na kutetemeka kulianza lini?"

Sikuwa na la kumjibu. Akaagiza chaki.

Sasa nieleze vile nilivyoelewa, kwa sababu ukishaelewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Fowili ya trekta dogo si kama ya gari ya siku hizi. Kwenye matrekta mengi haya, kati ya mbele na nyuma hakuna difu ya katikati ya kusawazisha spidi. Ukishaingiza leva, magurudumu ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja kwa gia, uwiano wao hauwezi kubadilika. Na waliotengeneza walipanga kwa makusudi mbele iende haraka kidogo kuliko nyuma, kama asilimia 1 hadi 5 hivi, ili mbele ivute na usukani ushike njia. Kwenye udongo laini hiyo tofauti ndogo inamezwa na udongo, tairi inateleza kidogo na maisha yanaendelea. Kwenye sehemu ngumu tairi haina pa kuteleza, kwa hiyo shafti inajikaza kama kamba unayoisokota, inajikaza weee, mpaka tairi moja inashindwa inaruka, shafti inalegea, halafu inaanza kujikaza upya. Hiyo kujikaza na kuruka, kujikaza na kuruka, ndiyo ile du-du-du. Na leva inagoma kwa sababu meno yamebanwa na hiyo nguvu, ukirudi nyuma unailegeza.

Basi mimi nilikuwa nimeweka mbele tairi kubwa kuliko ilivyopangwa, na nyuma tairi iliyoisha, yaani imepungua urefu. Nimeongeza spidi ya mbele na nimepunguza ya nyuma kwa wakati mmoja. Gia hazijui kwamba umebadilisha tairi, zinaendelea kuzungusha vilevile.

Kipimo chenyewe ni hiki, na kinataka dereva, watu wawili wa kuhesabu na chaki. Kwanza jaza upepo sawasawa, kushoto na kulia zilingane, ufuate presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo inakaa chini na inapoteza urefu wake, na unaweza kudhani tairi ni mbaya kumbe ni pampu tu. Toa mzigo, toa jembe. Chora alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma na kwenye ya mbele, zote zikiwa chini zinagusa ardhi. Kisha nenda sehemu ngumu iliyonyooka, fowili IKIWA NJE, dereva aende polepole sana, gia ya chini kabisa, mmoja anatembea kando akihesabu nyuma, mwingine anahesabu mbele, watembee pembeni kabisa si mbele ya gurudumu. Nyuma ikifika mizunguko 10 kamili, simama. Andika mbele imezunguka mara ngapi, pamoja na robo zake. Halafu hamia shambani kwenye udongo laini, ingiza fowili, fanya vilevile, mizunguko 10 ya nyuma, mstari ulionyooka. Hesabu hii ya pili ndiyo ya gia zenyewe, haijali tairi gani umefunga.

Sisi tulipata hivi: fowili nje 14 na nusu, fowili ndani 15 na robo tatu. Tofauti ni mzunguko mmoja na robo. Ukigawa kwa 14.5 ukazidisha kwa 100 unapata karibu asilimia 8.6. Mzee alipoona hiyo namba alitikisa kichwa tu. Mbele ilikuwa inalazimishwa kuizidi nyuma kwa karibu mara mbili ya kiasi cha juu kinachovumilika, na ile kapla yangu ndiyo ilikuwa inalipa.

Kuna dalili nyingine alinionyesha ambayo sijawahi kusikia fundi mwingine akiisema, na naipenda sana kwa sababu haitaki hata chaki. Trekta likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, si ndiyo? Kwa hiyo mbele ikiwa inazidi sana, mtetemo unakuwa mkali ukienda moja kwa moja na unapungua ukikata kona. Ikiwa kinyume, mbele inaenda polepole kuliko inavyotakiwa, labda umeweka tairi mpya ndefu nyuma na mbele una vipara, basi kona ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Letu lilikuwa linatulia kwenye kona. Dereva alikuwa ameshaliona hilo zamani lakini hakuna aliyemuuliza. Waulizeni madereva wenu, wao ndio wanakaa juu ya hiyo chuma kutwa.

Sasa sisemi kila mtetemo ni tairi. Nimeona mingine pia tangu wakati ule kwa sababu watu wananiita. Kama trekta limesimama, klachi imekanyagwa, na bado linatikisika, hiyo ni injini, au mipira inayoishikilia kama ipo, usiende mbele huko. Kama ni kuyumba kwa taratibu, mara moja kila gurudumu likizunguka, angalia rimu iliyopinda na nati za gurudumu, nati zilizolegea ni kitu cha dakika mbili na zinaweza kuua mtu. Kama ni mtetemo wa haraka haraka kama nyuki, na unaongezeka na mwendo wa trekta hata ukibadilisha gia, hapo shafti inaweza kuwa na kesi, kwa sababu shafti inazunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Hapa kuna mtego ambao unawapotosha watu. Wanatoa fowili, mtetemo unabaki kidogo, wanasema basi shafti haina kosa. Hapana. Kwenye mengi ya matrekta haya ukitoa leva unakata upande wa giaboksi tu, magurudumu ya mbele bado yanaizungusha shafti kutoka mbele. Shafti haijapumzika. Kwa hiyo mtetemo ukiisha kabisa fowili ikitoka, fikiria tairi na kubanana kwanza. Ukibaki kwa sauti nyembamba ya haraka, ndiyo uizime injini, uweke mawe kwenye magurudumu, uingie chini uishike shafti kwa mkono uisokote kushoto kulia. Plei ndogo ipo daima, lakini ikigonga kama mlango uliolegea, angalia meno ya kapla ncha zote mbili. Shafti za aina ya wazi zenye krosi mbili, ile misalaba ya chuma kila ncha, zina ugonjwa wao wa pekee: fundi akiitoa na kuirudisha bila kuweka alama, masikio ya ncha moja yasipokaa mstari mmoja na ya ncha nyingine itatetemeka hata kama kila kitu ni kipya. Weka rangi kabla ya kuchomoa. Na ekseli ya mbele yenyewe inaning'inia kwenye pini ya katikati, bushi yake ikiisha inagonga kwenye mabonde na watu wanadhani ni difu.

Jambo moja nawaomba kwa moyo wote: ukiinua mbele kwa jeki na fowili ikiwa ndani, USIWASHE injini na kuingiza gia ati uone magurudumu yanazunguka. Ya nyuma yako chini, yatalisukuma trekta litoke kwenye jeki likukute wewe uko chini yake.

Sisi tulifanyaje? Zile 8-16 niliziuza kwa jamaa mwenye trela, nikatafuta 7-16 mpaka nikapata Katwe, Kampala, baada ya siku mbili za kuzunguka, na kapla nikabadilisha tena kwa sababu ile ilikuwa imeshaanza kuliwa. Tulipopima upya, fowili nje 15 na robo, ndani 15 na robo tatu ileile, yaani asilimia 3 na kitu. Leva sasa inatoka kwa vidole viwili hata kwenye maramu. Za nyuma zitakapoisha kabisa nitabadilisha, na nitapima siku hiyohiyo kabla ya kuondoka kwa fundi wa tairi.

Na dereva amezoea kutoa fowili akifika barabarani, hasa kile kipande cha lami ya Gulu tunachokatiza, lami hata trekta zima linaumia humo. Ila akiteremka mlima wa udongo na trela lina mzigo anaiacha ndani, kwa sababu breki za haya matrekta kwa kawaida ziko nyuma tu na fowili inafanya magurudumu ya mbele nayo yasaidie kushika.

Ile 15 na robo tatu nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya madigadi ya kushoto, pamoja na saizi za tairi zote nne, ili hata kama siku hiyo mimi nimesafiri, atakayetumwa Kampala ajue ananunua nini.