Usingoje siku ya mwisho ndipo utoe chakula

Sisi tunaofanya kazi madukani hapa Phoenix, Marekani, huulizwa na jamaa zetu: chakula kinachokaribia tarehe yake ya mwisho kipunguzwe bei au kipelekwe benki ya chakula, yaani kituo kinachokusanya vyakula na kuwagawia wenye shida? Mimi hupanga maziwa na nyama zamu ya usiku, na Jumamosi nasaidia kugawa chakula kwenye kituo cha mtaani. Naona vyote vinafaa. Kinachoamua ni siku.

Maziwa na mtindi, bandika stika ya punguzo siku kadhaa kabla. Mama anayenunua kwa nusu bei hajamnyang'anya mtu chochote; amelisha wanawe kwa pesa yake. Najua wapo wanaoviogopa vyenye stika wakidhani wanawapunja walio kwenye foleni ya msaada. Nunueni bila haya.

Nyama haitaki kungojewa. Kuku akitiwa friza kabla ya tarehe yake kupita hubaki salama, na kituo kinapata kitoweo cha maana. Akiachwa kwenye rafu hadi jioni ya mwisho, eti huenda atatokea mnunuzi, anaishia pipani.

Linaloniuma ni mboga zinazoletwa zikiwa zimeshaanza kuvuja maji. Wanaojitolea wanashinda wakichambua majani yaliyooza, kisha kituo ndicho kinacholipia takataka. Huo si msaada. Benki ya chakula ya kwanza, St. Mary's, ilianzishwa mjini humu humu mwaka 1967 na John van Hengel, na inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa mama aliyekuwa akiokota vyakula vizima kwenye mapipa ya duka. Vyakula vizima!

Meneja akisema anaogopa kushtakiwa, mweleze kwamba sheria ya Marekani iitwayo Bill Emerson, ya mwaka 1996, inamlinda anayetoa chakula kwa nia njema, isipokuwa kwa uzembe mkubwa au makusudi. Tarehe za kwenye makopo nazo kwa kawaida ni za ubora, si za sumu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga ndiyo ya kuwa mkali nayo: tarehe ikipita, usimpe mtu.

Kwa hiyo kwanza uliza gari la kituo linapita siku gani. Likija Jumanne na Ijumaa, stika zibandikwe mapema kiasi kwamba kisichonunuliwa kinapanda gari hilo kikiwa bado na siku mbili tatu za kuliwa.