Kabla hujasema umevumbua, soma hataza ya mwaka 1891

Kuna kijiji nilichokuwa nakwenda kutengeneza mashine za kusaga ambako umeme uliofika ulikuwa wa fezi moja tu, yaani waya mmoja tu wenye moto. Mwenye mashine mmoja alikuwa na mota ya fezi tatu, inayotaka nyaya tatu zenye mikondo inayopishana, hospawa 3, imelala stoo, huku gharama ya dizeli ikimmaliza. Nikamwahidi kwamba nitaiwasha. Kwa miezi 8, kila jioni baada ya kazi za karakana, nilihangaika na koili na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi), mpaka siku moja mota ikanguruma, ikashika mwendo, ikasaga. Haikutoa nguvu zake zote, karibu theluthi ilipotea, lakini unga ulitoka. Kina mama waliopanga foleni na ndoo za mahindi wakapiga vigelegele. Nami nikarudi mjini na neno moja kichwani: hataza, ile hati inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu.

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkopo wa kumlipa mtu aniandikie maombi, ndipo mzee aliyenifundisha kusuka mota akaniuliza, "Umeshatafuta kama yupo aliyekutangulia?" Sikuwa nimetafuta. Sikujua hata kwamba hataza zinasomwa na mtu yeyote, bure, kwa simu.

Usiku ule nikaingia Google Patents. Baada ya saa kadhaa nikafika kwenye hataza ya Marekani namba 464,666, iliyotolewa Desemba 8, 1891. Mwenye nayo ni Nikola Tesla, mvumbuzi maarufu wa mambo ya umeme. Nilisoma polepole, kamusi mkononi, maana Kiingereza chake ni cha zamani. Katika aya za mwanzo kabisa anaeleza kwamba ukichukua mota yenye njia mbili za koili, ukazilisha zote kutoka chanzo kimoja cha umeme, kisha ukaweka kapasita ya kutosha kwenye njia moja, mikondo itapishana na mota itazunguka. Na hilo, anasema, ni jambo linalojulikana vizuri.

Linajulikana vizuri, mwaka 1891! Hata yeye hakudai kwamba ni lake. Anaendelea kueleza kwa nini watu hawakulitumia: kapasita za wakati ule, kwa volteji za kawaida, zilikuwa kubwa na ghali kupita kiasi. Kwa hiyo yeye akaiweka kapasita kwenye koili ya pili, ile inayopata mkondo wake kwa kuambukizwa na koili ya kwanza, na hicho ndicho alichoombea hataza. Mimi kapasita zangu nne zilienea kwenye boksi la viatu. Nilichokuwa nacho ni kapasita bora za zama zangu. Wazo lenyewe lilikuwa na zaidi ya miaka 120.

Niliumia, sitaficha. Lakini ukurasa ule ulinipa nilichokitafuta miezi 8, tena kwa aya mbili. Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu mafundi, na vijana mlioko VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi: someni hataza za zamani kama mnavyosoma vitabu vya ufundi, na mzisome kabla ya kununua hata mita moja ya waya.

Wengi hukimbilia michoro. Mimi nashauri uanze na aya za mwanzo, kwa sababu pale mvumbuzi analazimika kueleza wengine walifika wapi na walikwama wapi. Kisha nenda mwisho kabisa, kwenye madai, pale mvumbuzi anapotaja hasa kile anachotaka kilindwe. Madai ndiyo mipaka ya shamba. Kilichoelezwa katikati lakini hakimo kwenye madai hakilindwi na hataza hiyo. Michoro rudi nayo baadaye, ukiwa tayari unajua unatafuta nini.

Pia angalia tarehe. Hataza za Marekani za enzi za Tesla zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ile ya 1891 iliisha 1908. Tangu hapo kila fundi duniani ana haki ya kuitumia bila kumwomba mtu. Siku hizi nchi nyingi hutoa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, na hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu. Ukiwa na kitu kipya kweli, ofisi ya kusajili hataza kwetu Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI, na kwa nchi kadhaa za Afrika kwa pamoja kuna shirika la ARIPO kule Harare, Zimbabwe. Usikipeleke maonyesho ya Sabasaba kabla ya kuwasilisha maombi. Ukishakianika hadharani, upya wake unaweza kuwa umekwisha.

Na usiamini kila kipimo kilichoandikwa ndani ya hataza. Mwaka 1920 Tesla alipewa hataza namba 1,329,559 ya vali isiyo na kitu chochote kinachosogea: njia tu yenye vipinda, inayoyapitisha maji vizuri upande mmoja na kuyarudisha yajigonge yenyewe upande mwingine. Ni kitu kizuri mno, unaweza kukichonga kwenye ubao ukakijaribu. Lakini humo anakadiria kwamba ukinzani wa kurudi unafikia mara 200 ya ule wa kwenda, na waliopima baadaye wamepata tofauti ndogo sana kuliko hiyo. Ofisi ya hataza huangalia zaidi kama kitu ni kipya na kina uvumbuzi ndani yake. Kupima ni kazi yako.

Kuna jambo jingine linaloniuma kila nikilikumbuka. Hataza zake za kwanza, za 1886, za taa za mkondo wa cheche na vifaa vyake, Tesla aliziandikisha kwa kampuni yenye jina lake mwenyewe kule Rahway, New Jersey. Waliotoa mtaji walipobadili nia, yeye alibaki na hisa zisizo na thamani, na ikabidi achimbe mitaro kwa ujira wa kutwa. Jina la kampuni lilikuwa lake, hataza hazikuwa zake. Ukiletewa mkataba na mtu mwenye hela, tafuta kwanza mstari unaosema mwenye hataza ni nani. Usipouelewa, usisaini siku hiyo, hata kama umelala njaa.

Sasa karakana yangu kila mwanafunzi anaanza na hataza ya Tesla namba 381,968 ya Mei 1, 1888, ile ya mota yenyewe. Ina michoro inayofuatana, 1 mpaka 8, ikionyesha jinsi nguvu ya sumaku inavyozunguka ndani ya mota hatua kwa hatua huku chuma chenyewe kikiwa hakijasogea. Ninaichora kwa chaki sakafuni. Wiki iliyopita binti mmoja, ana miezi 3 tu kwetu, aliitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaenda kwenye mota ya majaribio, akazima swichi, akazibadilishia nafasi nyaya mbili, akawasha. Mota ikazunguka kinyume. Akarudi kwenye chaki, akachora mishale yote upya kuanzia 8 kwenda 1.